Bawabu Mwenye Nyimbo Mia Tano

Wazee wetu, shikamooni. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliozaliwa hapa hapa Seattle, ambao Kiswahili mnakisikia jikoni kwa mama kuliko mahali pengine popote: ahsanteni kwa kuja, na mvua yote hii.

Niliombwa nizungumze juu ya mtu aliyehifadhi nyimbo za kwao. Najua wengi mlitegemea nitamtaja malenga wa pwani. Nimemchagua Mwairishi. Anaitwa Joe Heaney, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, amefia katika mji huu tunaoishi, tarehe 1 Mei 1984, na sauti yake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mahali ambapo unapanda basi ukafika. Ya pili ni ya kwangu mwenyewe. Joe Heaney alikuwa bawabu. Na mimi nimekuwa bawabu miaka saba.

Waliowahi kuifanya kazi hiyo wananielewa. Unavaa koti la jengo, lenye vifungo vinavyong'aa, na ukimaliza zamu unaliacha pale pale. Mlango unaufungua kabla mwenyewe hajaugusa. Unajua nani anasubiri mgeni, nani amerudi na hasira, mbwa wa nani haipendi mvua. Wao wanalijua jina lako la kwanza tu, basi. Unaweza kukaa hapo miaka kumi asitokee hata mmoja wa kukuuliza: kwenu wapi, na kwenu mlikuwa mnaimba nini?

Joe Heaney alisimama kwenye mlango wa namna hiyo New York, katika jengo la ghorofa la Central Park West, akifungua milango na kuendesha lifti. Kichwani alikuwa na nyimbo zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa za Kiairishi, na hakuna hata moja aliyohitaji kuisoma mahali.

Basi nianze kwao.

Alizaliwa Oktoba 1919 katika kijiji cha An Aird Thoir, eneo la Carna, Connemara, magharibi kabisa ya Ireland, pale nchi kavu inapokwisha na Atlantiki inapoanza. Ni nchi ya mawe. Watu walipanda viazi kwenye vijishamba vilivyobanwa na miamba, na udongo waliurutubisha kwa mwani waliouvuta baharini na kuupandisha mgongoni. Mwani mnaujua, mliotoka Paje na Jambiani mnaujua uzito wake ukiwa umelowa. Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo waliukata udongo mweusi wa kinamasi vipande vipande kama matofali, wakauanika, wakauchoma. Moto huo ndio uliokuwa katikati ya nyumba, na jioni majirani waliuzunguka. Nyimbo hazikufundishwa kwa ratiba. Zilikuwa pale, kama moshi.

Carna walisema Kiairishi. Hilo halikuwa jambo dogo. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa, na milioni nyingine wakapanda meli. Waliopata pigo kubwa zaidi walikuwa maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wenye lugha. Baada ya njaa ile, mzazi aliyempenda mwanawe alimsukumia Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndicho kingemsaidia ng'ambo. Nani hapa hajamsikia mzazi akisema maneno hayo? Joe mwenyewe Kiingereza alikikuta shuleni. Nyumbani kilikuwa Kiairishi, na baba yake, Pádraig, alikuwa mwimbaji. Mtoto aliokota nyimbo kwa baba, kwa bibi, kwa majirani. Tume ya kukusanya masimulizi ya wananchi iliyoundwa Ireland mwaka 1935 ilipotuma watu wake magharibi, Carna ilikuwa moja ya sehemu walizorudi wamebeba vingi mno. Wakulima na wavuvi wasiokuwa na kitu walikuwa na nyimbo za kujaza madaftari.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo palipo na utamu.

Uimbaji wake unaitwa sean-nós, yaani mtindo wa kale. Hauna ala. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna makofi. Ni sauti tupu. Wale waliokulia kwenye nyumba ambamo utenzi ulighaniwa hawatashangaa: sauti inayatii maneno, na maneno hayaburutwi na mapigo. Mwimbaji anaikokota silabi anapotaka, anaipinda, anaitia madoido madogo madogo ambayo hayarudiwi vilevile katika ubeti unaofuata. Uso umetulia. Macho mara nyingi amefumba. Hapazi sauti ili uone kwamba ana huzuni, wala haipunguzi ili uone kwamba ana mapenzi. Huzuni imo ndani ya wimbo tayari, yeye kazi yake ni kuupitisha.

Na mtu akitaka kumwomba mwenzake aimbe, kwa Kiairishi husema: *abair amhrán*. Maana yake, sema wimbo. Hawasemi imba, wanasema sema. Nilipolijua hilo nilikaa nalo siku nzima. Sisi nasi tuna kughani, neno linalokaa kati ya kusema na kuimba, kwa hiyo sihitaji kuwafafanulia sana. Wimbo kwao ni habari unayompa mtu. Ndiyo maana wengi wa waimbaji hao, wakifika mstari wa mwisho wa ubeti wa mwisho, huacha mahadhi ghafla na maneno yanayobaki huyatamka tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeweka mzigo chini. Habari imekwisha, turudi tulipokuwa.

Msikilizaji naye ana kazi. Wimbo ukichoma, jirani aliyekaa karibu anamshika mwimbaji mkono na kuuzungusha taratibu, kama anayesaidia kuvuta ndoo kisimani. Wengine wanamwambia kwa sauti ya chini, Mungu awe nawe. Ndivyo wanavyomtunza. Sisi tungemtunza noti; wao wanamtunza mkono.

Kitu kingine: wimbo haukwenda peke yake. Ulikwenda na kisa chake. Nani aliutunga, alikuwa amepatwa na nini, yule msichana alikuwa binti wa nani. Joe Heaney hakupenda kuimba bila kwanza kutoa kisa. Kwake, wimbo usiokuwa na kisa ulikuwa kama barua iliyochanwa nusu.

Kuna wimbo mmoja nataka muusikie leo, kwa hiyo nitawapa kisa chake, kama ambavyo yeye angefanya. Ni maombolezo ya Maria watatu. Carna ulikuwa wimbo wa wanawake, wimbo wa Ijumaa Kuu. Maria anamuuliza Petro, mtume, kama amemwona mwanawe. Anajibiwa kwamba alionekana akiwa katikati ya maadui zake. Wanaendelea hivyo, swali na jibu, na kila baada ya mstari kinarudi kiitikio ambacho si neno, ni kilio tu: *óchón, óchón ó*. Halafu linakuja swali ambalo mimi siwezi kulizoea. Mama anamtazama yule aliyepigwa, anauliza: huyu ndiye mwanangu niliyembeba robo tatu? Wao mwaka wanaugawa robo nne, kwa hiyo robo tatu ni miezi tisa. Huyu ndiye niliyembeba miezi tisa? Hapo hakuna mafundisho ya dini yanayotolewa. Ni mama ambaye mtoto wake amevunjwa mpaka hamtambui. Akina mama waliotoka Kivu wako hapa ukumbini, sitasema zaidi.

Bibi yangu, Pangani, alikuwa akighani utenzi kwenye matanga. Wakinamama walimfuata hata kutoka ng'ambo ya mto. Nimeondoka kwetu nikiwa na beti nne za kwake, na moja kati ya hizo nne sina hakika nayo. Sikumwomba. Nilikuwa kijana, nilikuwa na kaseti zangu.

Tuendelee na safari yake. Joe alikuwa na haya. Aliimba tangu utotoni, lakini mbele za watu hakuthubutu mpaka alipokaribia miaka 20. Alipothubutu, haikuchukua muda: mwaka 1942 alikuwa anashinda kwenye Oireachtas, mashindano makubwa ya utamaduni wa Kiairishi. Lakini tuzo haipikiki. Akafanya walichofanya wenzake wote wa Connemara, akavuka maji. Scotland kwanza, kisha Uingereza, kwenye ujenzi. Kati ya walioijenga upya Uingereza baada ya vita walikuwemo vijana wengi kama yeye, na matope ya mitaro yaliganda kwenye viatu vyao hadi baa za Jumamosi usiku. Humo baa ndimo nyimbo zilimoishi.

Kuna jambo silifichi, maana kumsifu mtu kwa kumficha ni kumdharau. Scotland alioa, akapata watoto, na aliwaacha. Aliondoka akaenda zake, mke akabaki na malezi. Huyu mtu aliyekumbuka maneno ya watu waliokufa miaka 200 kabla yake hakukaa na watoto wake. Siwezi kuyafanya haya mawili yapatane, na sitajaribu. Nayasema kwa sababu hata katika jamii yetu wapo watoto wa wasanii wanaomsikia baba yao redioni tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 alikuwa akionekana Dublin, katika baa ya O'Donoghue's, ambako vijana akina Ronnie Drew na Luke Kelly walikuwa wakianza kundi ambalo baadaye dunia nzima ililijua kwa jina la The Dubliners. Vijana hao walikuwa na banjo na ndevu na sauti za kuvunja vioo. Mzee wa Connemara alikaa kati yao na sauti tupu, na wao walimsikiliza, kwa kuwa walijua wamekaa karibu na chemchemi.

Mwaka 1963 kampuni ya Topic ya London ilitoa santuri yake, nyimbo za Kiairishi na za Kiingereza pamoja. Mwaka uliofuata, waimbaji wa nyimbo za jadi Ewan MacColl na Peggy Seeger walimkaribisha nyumbani kwao, wakawasha kinasa sauti, wakamwacha aseme na aimbe. Kati ya kumbukumbu zote alizoacha, hiyo mimi naipenda kuliko nyingine, kwa sababu hapo hatumbuizi. Anaulizwa, anajibu. Anaeleza jinsi anavyoupamba mstari mmoja na kwa nini mwingine anauacha mtupu. Unamsikia fundi akiongea na mafundi wenzake.

Halafu mwaka 1965 akaalikwa Marekani, kwenye tamasha la muziki wa jadi la Newport. Wapenzi wa muziki wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo moja: Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, watu wakazomea, na ugomvi wake unasimuliwa mpaka leo. Vitabu na vitabu vimeandikwa juu ya ule waya. Katika tamasha hilo hilo alikuwepo Mwairishi ambaye hakuwa na waya wowote wala uzi wowote wa gitaa. Sisemi huyu alikuwa sahihi na yule alikosea. Nasema mara nyingi kelele hutuvutia upande mmoja, na hatujui upande wa pili tumekosa nini.

Mwaka 1966 akahamia New York moja kwa moja. Ndipo koti la vifungo linapoingia.

Alikuwa na jina la tatu sasa. Kwenye karatasi za Kiingereza aliitwa Joe Heaney. Kwa Kiairishi rasmi, Seosamh Ó hÉanaí. Kwao Carna alikuwa Joe Éinniú, na hata leo ukimtaja huko, taja hilo. Mtu mmoja, majina matatu, na la nyumbani ndilo ambalo wenye jengo hawakulijua. Nimewahi kuandikiwa kwenye kitambulisho cha kazi jina ambalo mama yangu asingelitambua, kwa hiyo hapa najua ninachosema.

Mmoja wa wakazi wa jengo lile alikuwa Merv Griffin, mtangazaji aliyekuwa na kipindi chake kikubwa cha televisheni. Akaja kujua kwamba yule anayemfungulia mlango ni mwimbaji, akamwalika kipindini siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waairishi. Hebu fikirini, Marekani nzima inakutazama jioni moja, na kesho yake umerudi mlangoni. Hakuacha kazi. Kodi ya nyumba haingojei sikukuu.

Nyimbo zake za Kiingereza nazo zilipendwa. Uliofungamana naye zaidi unaitwa The Rocks of Bawn. Ni wimbo wa mlimaji aliyepewa shamba la miamba, na jembe halipenyi. Joe aliutia katika historia ya karne ya 17, majeshi ya Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza, yalipowanyang'anya Wakatoliki wa Ireland ardhi nzuri na kuamuru waende ng'ambo ya mto Shannon, magharibi, kwenye mawe. Yeye ni mjukuu wa mawe hayo. Kwa hiyo akiusema, si mlimaji wa hadithi anayelalamika. Ni mtu aliyeubeba mwani mgongoni, akachimba mitaro ya Uingereza, akashika vitasa vya milango ya New York. Kazi imebadilika mara tatu na jembe bado halipenyi.

Mwaka 1979 mtunzi John Cage, mmoja wa watu waliouchokonoa muziki wa karne ya 20 kuliko wengine wote, alikuwa anatengeneza kazi kubwa ya redio iitwayo Roaratorio, kutokana na kitabu cha mwisho cha mwandishi Mwairishi James Joyce. Alihitaji sauti ya Ireland. Akaambiwa mfalme wa waimbaji hao ni Joe Heaney. Wakati huo Joe alikuwa Norwich, Uingereza. Cage akamfuata huko huko. Katika kazi hiyo kuna kelele za mito, mbwa, kengele, watoto, na katikati yake inapita sauti ya mtu wa Carna kama mtu anayevuka sokoni bila kuguswa na yeyote.

Na hatimaye vyuo vikamwita. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, kisha hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Washington. Idara ya hapa ilikuwa na desturi nzuri ya kuwaleta wenye muziki wao wenyewe waufundishe kwa mikono na midomo yao. Ni chuo hicho hicho alikofundisha Dumisani Maraire wa Zimbabwe tangu 1968, na bendi za marimba mnazoziona kwenye sherehe za mji huu ni matunda yake. Hapo bawabu akawa mwalimu. Wanafunzi walikaa mbele yake, naye akawapa kama alivyopewa: kisa kwanza, kisha ubeti, rudia, kisha ubeti mwingine. Waliokuja bila neno moja la Kiairishi walitoka wakiweza kusema wimbo mzima. Na vinasa sauti vilikuwa vimewashwa. Ndiyo maana leo zipo saa nyingi za sauti yake kwenye hifadhi ya chuo, nyimbo pamoja na visa vyake.

Mwaka 1982 taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani ilianzisha tuzo kwa mabingwa wa sanaa za jadi. Kwenye kundi la kwanza kabisa walikuwemo wanamuziki Bill Monroe, Lydia Mendoza, Bessie Jones wa visiwa vya Georgia, Sonny Terry na Brownie McGhee. Na Joe Heaney alikuwemo. Ilikuja na dola 5,000. Alikuwa na miaka 62, mapafu yameshaanza kumwangusha.

Mapafu, kwa mtu ambaye ala yake ni pumzi. Waliomrekodi miaka ile ya mwisho walinasa pumzi pamoja na nyimbo; utasikia anavyoipanga, anavyouvunja mstari mahali ambapo zamani aliuunganisha, na wimbo haupotei. Alifariki hapa Seattle akiwa na miaka 64. Mwili ulirudishwa Ireland, akazikwa kwao Carna, kando ya bahari. Siku hizi kila mwaka watu hukusanyika huko kwa tamasha lenye jina lake, lile la nyumbani, Joe Éinniú, na watoto wanasimama na kusema nyimbo kwa Kiairishi.

Nimeongea sana, na yeye bado hamjamsikia. Kijana wetu hapo kwenye spika, tafadhali zima feni hiyo, inavuma. Ni maombolezo ya Maria watatu, kisa mnacho tayari. Sikilizeni lile swali la robo tatu. Na mwishoni kabisa, mtamsikia akishuka.